Si Muuaji Wala Si Mungu

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Padre wetu yuko safarini kwa shughuli za Dayosisi, naye ameniomba niandike neno la mwezi huu. Mimi si mhubiri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na mwalimu akipewa Maandiko huyasoma kama anavyosoma insha ya mwanafunzi, mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi. Basi nivumilieni.

Nimechagua habari ya watu waliofika katika nchi wasioijua. Kwetu Kasanga habari hiyo si ya mbali. Tumekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Zambia iko karibu nasi upande wa kusini, na Kongo iko ng'ambo ya maji. Watu wametokea majini hapa tangu zamani, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia, wengine kwa kutawala. Wajerumani walipofika walipaita mahali hapa Bismarckburg, kana kwamba pahali hapakuwa na jina.

Mtume Paulo alikuwa akipelekwa Rumi kama mfungwa. Katika sura ya 27 twasoma kwamba merikebu ilipigwa na dhoruba usiku kumi na nne, ikakwama, ikaanza kuvunjika. Waliokuwamo walikuwa watu 276. Waliojua kuogelea walijitupa majini, na wengine walishika mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika pwani salama. Ndipo Luka aandikapo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: walipokwisha kuokoka ndipo walipojua kuwa kisiwa kile chaitwa Melita. Yaani walikanyaga nchi kwanza, jina lake wakaliambiwa baadaye. Hawakujua ni nchi ya nani, wala lugha gani yasemwa, wala kama wenyeji wake wana mikuki.

Melita ndiyo Malta ya leo, kisiwa kilicho kati ya Sisilia na Afrika ya Kaskazini, kidogo kuliko Ukerewe yetu. Sasa jiwekeni upande wa wenyeji. Asubuhi ya mvua na baridi waona watu karibu mia tatu wakitambaa kutoka majini. Baadhi yao ni askari, baadhi ni wafungwa, wengine mabaharia, na hakuna hata mmoja wanayemfahamu. Mwenyekiti wa kijiji yeyote angepiga mbiu. Watu wa Melita waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Neno hilo “wote” ni la Luka mwenyewe. Hawakuwatenga wafungwa na askari, wala hawakuuliza kwanza nani ana nauli.

Hapa niruhusuni niseme jambo la kimwalimu. Luka aliandika Kiyunani, na neno alilotumia kwa wenyeji wale ni “barbaroi”. Kwa Wayunani neno hilo lilikuwa na maana ya mtu asiyesema Kiyunani, ambaye maneno yake masikioni mwao yalikuwa kelele tu, bar-bar-bar. Nasi tuna mchezo huohuo. Mtoto aliyetoka ng'ambo akisema “batu” badala ya “watu”, darasa zima lacheka, nami nimewaona hata watu wazima wakicheka sokoni. Luka hakuficha kwamba kwa masikio ya Wayunani hawa walikuwa barbaroi, lakini katika mstari uleule ashuhudia kwamba wema wao ulipita kawaida.

Kwa nini moto? Kwa sababu mtu aliyelowa na kutetemeka hawezi kujibu maswali. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana, nilipanda Liemba nikaenda Zambia kumwona mjomba wangu. Wengi wenu mwaikumbuka meli ile ilipokuwa ikifanya safari zake za Kigoma na Mpulungu. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa tena, na tangu 1927 ikabeba watu na dagaa na mihogo kwa jina ambalo wenyeji waliliita ziwa hili upande wetu wa kusini. Tulifika Mpulungu usiku mkubwa. Sikuwa na kwacha hata moja, na mtu aliyekuwa anipokee hakutokea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wakavu karibu na bandari alinitazama, akasema “Mwaiseni”, akatandika mkeka barazani kwake, akaniletea maji ya moto ya kunawa na bakuli la uji. Kulipokucha ndipo aliponiuliza natoka wapi na naenda kwa nani. Dagaa wake aliwaita kapenta, nami nikamwambia kwetu tunawaitaje, tukacheka. Sijui mpaka leo alikuwa dhehebu gani.

Sisemi kwamba maswali yasiulizwe. Nchi ina sheria zake, na mjumbe ana haki ya kujua ni nani aliyelala katika nyumba kumi zake. Mgeni apelekwe kwa mtendaji wa kijiji, jina lake liandikwe, na kama ni mkimbizi apelekwe kwa wanaohusika. Lakini daftari halitakimbia. Uji kwanza.

Turudi Melita. Paulo alikuwa akiokota kuni. Mfungwa huyu, aliyetoka majini saa ileile, hakukaa kungojea kuhudumiwa. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo alilishika jembe lake siku ya kwanza. Alipoutia mzigo wa kuni motoni, nyoka akatoka kwa sababu ya joto, akamwuma mkononi, akaning'inia. Na wenyeji wale wema, waliowasha moto, mara moja wakatoa hukumu: mtu huyu hakika ni muuaji, ameponyoka baharini lakini haki haimwachi aishi. Paulo akamkung'utia nyoka motoni, asidhurike. Wakamtazama muda mrefu wakingoja avimbe au aanguke. Alipokuwa haanguki, wakageuza maneno, wakasema ni mungu.

Ndugu zangu, yaangalieni maneno haya mawili, maana ndiyo yaliyonifanya nichague somo hili. Watu wema kabisa, wenye moyo wa kukaribisha, walimhukumu mgeni mara mbili kwa saa moja, na mara zote mbili walikosea. Hakuna aliyemwuliza jina lake. Kule Listra, katika sura ya 14, ilikuwa kinyume: kwanza walimwita Paulo na Barnaba miungu, wakaleta ng'ombe wa kuwatolea dhabihu, na baadaye, walipochochewa, wakampiga Paulo kwa mawe wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Mwenye kumwita mgeni mungu asubuhi aweza kumwita muuaji jioni. Hukumu hizo mbili ni watoto wa tumbo moja.

Nasema hivi kwa sababu nina jambo mahususi moyoni. Mwote mwajua kwamba msimu huu wa mvua alikuja kwa boti kutoka ng'ambo mama mmoja na watoto wawili. Habari zake zilipelekwa panapostahili, na mzee mmoja mvuvi akampa chumba cha nyuma. Wiki ya tatu radi ikapiga mwembe nyuma ya nyumba ya jirani, wakafa mbuzi wawili waliokuwa wamejikinga chini yake. Tangu hapo maneno yanatembea. Nimeyasikia kisimani, nimeyasikia kwenye mashine ya kusaga, na, nasema kwa huzuni, nimeyasikia nje ya mlango wa kanisa baada ya Ekaristi. Kwamba radi haikuwahi kupiga upande ule. Kwamba mama yule haongei. Kwamba wameanza kuulizana ni nani atakayemwambia aondoke.

Nilifundisha sayansi miaka mingi. Radi hufuata kitu kirefu, na mwembe ule ulikuwa mrefu kuliko paa zote za jirani. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wasijikinge chini ya mti wakati wa mvua, na baadhi yao leo ni wazazi wanaosoma jarida hili. Mbuzi hawakusoma. Uwanda wetu wa Ufipa na milima hii inayoshukia ziwani hupata radi nyingi kila masika, mgeni awepo asiwepo. Watu husema jina la Sumbawanga lina maana ya kuutupa uchawi. Kama ni kweli, basi tuutupe kweli, tusiuokote tena kila anapofika mtu tusiyemjua.

Na kuhusu kutoongea: mama huyu aliyavuka maji haya usiku na watoto wawili. Paulo na wenzake walikuwa wamekaa kwa hofu usiku kumi na nne bila kula vizuri. Nani ataongea?

Upande wa pili wa kosa la Melita nao tunao. Mgeni akifika na gari lenye vioo vyeusi, au na kamera ya kupiga picha maporomoko ya Kalambo, au na suti na Biblia kubwa akitangaza kwamba ataponya kila ugonjwa Jumamosi saa nane, twaondoa wazee kwenye viti ili aketi. Hatumwulizi jina wala alitumwa na nani. Wako waliopoteza shamba kwa njia hiyo, na wako waliopoteza fedha za ada za watoto. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba huyo naye ni mtu aliyetoka majini, apewe uji na kiti kama wengine, kisha aandikwe katika daftari kama wengine.

Mfano mmoja ni wa huku kwetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1867 Dk. David Livingstone alifika kwa mara ya kwanza kwenye ncha ya kusini ya ziwa hili, katika nchi ya Walungu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miezi michache kabla. Aliugua homa kali akapoteza fahamu, akakaa wiki kadhaa kando ya maji akiwa hana nguvu. Katika vitabu vingi husomwa kama mtu aliyeligundua hili na lile. Mwalimu asomaye mstari kwa mstari huona mzee mgonjwa asiye na dawa, anayekula kwa sababu wenye vijiji walikubali ale. Hapo hakuwa mungu.

Miaka sita baadaye, mwaka 1873, alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake Waafrika wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakifika Februari 1874. Njia yao ilipita Ufipa yetu. Huko Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike mwili hukohuko, wakakataa. Baada ya Tabora, kwa kuwa watu wa vijiji waliogopa maiti ya mgeni ipite kwao, waliifunga kama mtumba wa nguo ili iweze kuendelea.

Kisha wageni wakawa wao. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik huko India, aliyesoma ibada ya maziko kwa Chitambo, alisafiri na jeneza mpaka Southampton, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza katika Abasia ya Westminster. Fikirini: mtu aliyetekwa utotoni, anakanyaga Uingereza kwa mara ya kwanza, na kila jicho la mji mkuu linamtazama. Siku ile alikuwa karibu malaika. Lakini wawili waliokuwa na Livingstone miaka mingi kuliko wote, Abdullah Susi na James Chuma, hawakupelekwa kwa wakati. Maziko yalikwisha bila wao. Walifika baadaye mwaka uleule kwa nauli ya rafiki mmoja wa marehemu, James Young.

Yaliyofuata ndiyo yanipendezayo. Mchungaji Horace Waller, aliyekuwa zamani katika misheni yetu ya UMCA, aliwapokea nyumbani kwake kijijini Twywell, akaketi nao na daftari za marehemu, akawauliza. Mto huu ni upi? Siku hii mlilala wapi? Wakamjibu, na bila wao sehemu ya mwisho ya habari ile isingeandikwa. Sidai kwamba Waller hakuwa na kiburi cha Wazungu wa nyakati zake. Lakini aliuliza na kusikiliza, jambo ambalo Melita walikuwa bado hawajalifanya pale kwenye moto. Chuma alikuwa mtoto aliyefunguliwa kutoka kamba za watumwa mwaka 1861, wakati wa Askofu Mackenzie. Aliporudi Afrika alikuwa kiongozi wa misafara ya misheni, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886 akachagua jina la David. Watu hawa wawili ni sehemu ya kanisa letu, na wakati mmoja walikuwa wageni wa mtu fulani.

Tena si lazima twende Uingereza. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliletwa Katumba, na baadaye Mishamo, ambazo zamani zilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa, sasa zimo Katavi. Walikuta msitu. Waliukata, wakalima mahindi na maharage na tumbaku, na wafanyabiashara wakaenda kununua kwao. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Na Mei 2015, Warundi makumi ya maelfu walipojaa ufukweni Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwaua, ni Liemba ileile yetu iliyokwenda kuwachukua, mamia kwa kila safari, mpaka Kigoma.

Sasa Publio, mkuu wa kisiwa. Aliwapokea nyumbani kwake siku tatu. Baba yake alikuwa kitandani kwa homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akaomba, akamwekea mikono, mzee akapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja, wakaponywa. Mwajua msemo wetu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huutumia kwa mzaha, kwa kuwa siku ya mgeni kuku huchinjwa na mwenyeji naye hula. Melita ulitimia bila mzaha. Lakini tazameni mpangilio. Publio hakujua kwamba mgeni ataponya mtu. Alimpokea mfungwa, na habari ya baba yake ilitokea humo ndani ya nyumba. Kama angempokea kwa hesabu ya faida, angemchagua nahodha au ofisa wa askari.

Nami sisemi kwamba mama aliyekuja kwa boti ataponya mtu hapa Kasanga. Pengine atabaki kuwa mama anayehitaji chumvi na sabuni. Pengine hata tabia yake si nzuri. Hilo tutalijua kadiri tutakavyomjua, kama tunavyojuana sisi. Ninachoomba ni kwamba wale waliosema maneno nje ya mlango wa kanisa waende kwake wiki hii, wamwulize jina lake, na wamwambie yao.

Wageni wa Melita walikaa miezi mitatu, na walipoondoka wenyeji waliwapakilia vitu vya njiani.

Yapo mambo ya kutenda. Chumba alichopewa mama yule kinavuja, na mzee mwenye nyumba hana nguvu za kupanda juu. Mafundi wawili wa kanisa wamekubali kulitazama paa Jumamosi asubuhi. Zinahitajika bati tatu, hata zilizotumika, na misumari. Akina mama wanakusanya mablanketi, yapelekwe kwa mzee wa kanisa kabla ya ibada. Mtoto mkubwa ameanza darasa la tatu, na mwalimu wake ameniambia anajua hesabu kuliko wengi ila Kiswahili cha hapa kinampa taabu, nami nitakaa naye kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Mwenye kitabu cha kusoma cha darasa la pili alichokwisha kukitumia mwanawe, anipatie.